Draivu Mpya, Disketi Bubu

Nina ugomvi na msemo mmoja, nao ni huu wa "kwenda na wakati". Sina ugomvi na wakati wenyewe. Wakati haugombwi, unapita tu. Nagombana na wale wanaoutumia msemo huo kama panga la kufyekea kila kitu chenye umri kuliko wao, halafu wakiulizwa kilichofyekwa kilikuwa na kazi gani, wanabaki kukodoa macho. Wenzangu wa rika langu wakizungumzia jambo hili hupenda kulaumu mavazi ya vijana na miziki yao. Mimi nitazungumzia kitu kidogo kisichozidi ukubwa wa tofali: draivu ya disketi katika kompyuta ya zamani.

Msomaji kijana huenda hajapata kuishika disketi mkononi, basi nieleze kidogo. Disketi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa madini yanayoshika sumaku, kikavalishwa ala ya kukilinda. Draivu ndiyo kinywa cha kompyuta kinachoimeza disketi hiyo, kikaizungusha, na kwa kichwa kidogo kikasoma au kuandika yaliyomo. Kampuni ya IBM ilizitoa za kwanza mwaka 1971, kubwa kama sahani ya wali, upana wake inchi nane. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ikatoa za inchi tano na robo. Kompyuta binafsi ya IBM ilipotoka mwaka 1981 ilitumia hizo, kila moja ikibeba kilobaiti 160. Kufika mwaka 1983 zikabeba 360. Na mwaka 1984 ikaja draivu ya megabaiti 1.2. Kisha zikaenea zile ndogo ngumu za inchi tatu na nusu, na mwaka 1987 IBM ikaleta draivu zake za megabaiti 1.44, ambazo ndizo wengi wetu tuliokuwa maofisini tunazikumbuka.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa kamba ililegezwa taratibu, mpaka miaka ya 1990 ilipoingia ndipo mlango ulipofunguka kweli. Kwa hiyo mashine nyingi zilizotufikia zilikuwa zimekwisha tumika kwingine. Mtu wa Ulaya alipokuwa anatupa kompyuta yake yenye draivu za kilobaiti 360, mwalimu wa huku alikuwa ndiyo kwanza anaipokea kwa mikono miwili na kuifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Disketi za nchi tajiri ni nyingi na yaliyomo yamekwisha nakiliwa mara kumi. Zetu ni chache, na mara nyingi kilichomo hakipo mahali pengine popote.

Hapa Kaole ninayo kompyuta moja ya aina ya XT, yenye draivu mbili za inchi tano na robo. Ilikuwa ya marehemu shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kalamu. Pamoja na mashine aliacha visanduku viwili vya disketi alizoziandika kati ya mwaka 1991 na 1995. Ndani yake mna majina ya pepo na majira yake kama wavuvi wa huku walivyoyasema, aina za mitego na namna ya kuisuka dema, ngano alizosimuliwa na bibi waliokwisha tangulia mbele ya haki, na mihutasari ya vikao vya wavuvi. Hakuna hata ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Printa ilikuwa haina utepe, na utepe ulikuwa na bei.

Vijana kadhaa ninaowafahamu wamezuka na mapenzi ya kuzifufua kompyuta za namna hii, na mimi nawapongeza. Lakini kila anayekuja kuitazama ya kwangu huanza na wimbo ule ule. Mmoja wao, kijana hodari na mwenye adabu zake, aliniambia:

"Mzee wangu, hii mashine nzima, ila draivu zake zimepitwa. Nikutolee hizi, nikuwekee za kisasa, utaona raha yake."

Nikamwuliza: "Na hizi disketi, mwanangu, nitazisomea wapi?"

Akatazama visanduku, akatazama mashine, akacheka. "Hizo nazo za zamani, mzee."

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Kwake disketi ilikuwa kitu cha zamani. Hakuiona kuwa ni daftari.

Sasa tuipime hoja ya kuboresha draivu kwa mizani, tusiibeze. Wanaoitetea wana sababu nne, na nitazijibu moja moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba draivu mpya inabeba zaidi. Ni kweli: megabaiti 1.2 ni zaidi ya mara tatu ya kilobaiti 360. Lakini zaidi kwa ajili ya nini? Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huchukua kama kilobaiti mbili. Disketi ya kilobaiti 360 basi inabeba kurasa zipatazo 180, yaani muswada wa kitabu kizima. Mwenye kompyuta ya mwaka 1984 hana picha wala filamu za kuweka humo. Anaongezewa ghala ilhali mavuno ni yale yale. Tena ghala lenyewe halifunguki bure: kadi inayoongoza draivu katika XT ya kawaida haina kasi ya kuhudumia draivu ya megabaiti 1.2 wala ya 1.44, kwa hiyo itabidi inunuliwe kadi nyingine. Na mfumo wa DOS lazima uwe toleo la 3.0 au zaidi kwa ile ya kwanza, na 3.3 kwa ile ya pili. Fundi asemaye ni kazi ya bisibisi na dakika kumi hajasema yote.

Sababu ya pili husemwa kwa kujiamini zaidi: draivu ya megabaiti 1.2 inasoma pia disketi za kilobaiti 360, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Hapa naomba subira ya msomaji, maana ndipo watu wengi wanapopotezwa na nusu ya ukweli. Kusoma, ndiyo, kwa kawaida inasoma. Balaa huanza inapoandika. Draivu ya kilobaiti 360 huandika njia 40 za duara kila upande wa kisahani. Ile ya megabaiti 1.2 huandika njia 80 katika eneo lile lile, kwa hiyo kichwa chake ni chembamba, karibu nusu ya kile cha kwanza. Mfano wake ni mtu aliyeandika ukutani kwa brashi pana, kisha akaja mwingine akaandika juu ya maandishi hayo hayo kwa brashi nyembamba. Katikati yataonekana maandishi mapya, lakini kingo za yale ya zamani zitabaki juu na chini. Ukiirudisha disketi hiyo kwenye draivu ya zamani, kichwa chake kipana kitasoma mapya na masalio ya zamani kwa pamoja, na mara nyingi hakitaelewa lolote. Disketi iliyodumu miaka 30 inaharibiwa kwa sekunde moja, na aliyeiharibu anadhani ameihifadhi.

Nitakuwa mkweli: kwa disketi ndogo za inchi tatu na nusu tatizo hili halipo, kwa sababu ya kilobaiti 720 na ya megabaiti 1.44 zote zina njia 80. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kubadilisha draivu bila hofu kubwa. Lakini anayeng'oa draivu ya inchi tano na robo na kuweka ya inchi tatu na nusu amefanya kama aliyeziba mlango wa nyumba akafungua dirisha, kisha akaenda zake na kuwaacha watoto ndani.

Sababu ya tatu ni kwamba draivu za zamani ni mbovu. Mikanda ya mpira ya baadhi yake imelegea, vichwa vimechafuka, na hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na unyevu, imekwisha kula vyuma. Nakubali kuwa ni wagonjwa. Lakini mgonjwa hutibiwa kabla ya kuzikwa. Kichwa kichafu husafishwa kwa pamba na spiriti safi, mkanda hubadilishwa, reli za kichwa hufutwa na kutiwa mafuta kidogo sana. Tena liko jambo ambalo mafundi wa haraka hawalisemi. Draivu iliyokaa upande, ambayo kichwa chake kimehama kidogo mahali pake, iliandika disketi zake zote kwa upande huo huo. Ukiileta draivu mpya iliyonyooka sawasawa, inaweza kushindwa kuzisoma, na ile kilema ikazisoma bila taabu. Mwandiko mbaya wa mtu husomwa vizuri zaidi na mwenyewe. Ukimfukuza mwandishi kwa kuwa mwandiko wake haupendezi, barua zake utasomewa na nani?

Sababu ya nne ndiyo ya kisasa kabisa. Siku hizi kuna kifaa, kinachojulikana zaidi kwa jina la Gotek, kinachokaa mahali pa draivu na kujifanya draivu. Badala ya disketi unakichomekea flashi, na kompyuta haijui tofauti. Ni kifaa kizuri, na mtu akitaka kuchezea programu za zamani bila kutafuta disketi ambazo hazitengenezwi tena, simlaumu hata kidogo. Lakini Gotek haina tundu la disketi. Haiwezi kusoma hata neno moja la marehemu shemeji yangu. Inasoma nakala tu, na nakala sharti iwe imekwisha tolewa na draivu ya kweli. Iko pia mitambo ya kunusuru disketi, kama Greaseweazle na KryoFlux, inayounganishwa na kompyuta ya leo ikanakili alama za sumaku zilivyo, hata pale ambapo DOS yenyewe imekata tamaa. Mitambo hiyo nayo ina nini upande wa pili wa waya? Draivu ya zamani! Hakuna njia ya kwenda kwenye upya huo isiyopita katika kinywa cha ile iliyoitwa takataka.

Yako wapi basi madhara, atauliza mtu, au ni uchungu wa wazee tu? Naifahamu ofisi moja, nami sitaitaja, iliyoweka orodha ya wanachama na michango yao katika disketi za inchi tano na robo. Ikafika zamu ya kuboresha. Draivu zikang'olewa, zikawekwa ndogo, na zile kubwa zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Disketi hazikutupwa, zilipangwa kabatini vizuri, kila moja na kibandiko chake kilichoandikwa kwa wino. Wakati wazee walipokuja kudai walichochangia, karani aliwaonyesha kabati. Mali yao ilikuwa pale mbele ya macho yao, na hapakuwa na tundu la kuiingiza. Waliambiwa waje wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena, mpaka wengine wakachoka na wengine wakafa. Mimi siiti hali hiyo kwenda na wakati. Naiita dhuluma iliyovaa tai.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mafunzo. Hapa Kaole yapo magofu ambayo wageni huja kuyapiga picha: misikiti miwili, wa kale zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya matumbawe, mengine yenye nguzo. Katika baadhi ya makaburi hayo utaona mashimo ya duara ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mabakuli hayapo tena mahali pake, na shimo lililobaki halikuambii kitu zaidi ya kwamba hapa palikuwa na kitu. Kompyuta iliyotolewa draivu yake kabla disketi hazijasomwa ni shimo kama hilo.

Na wajenzi wa pwani wanalijua somo jingine. Ukuta wa matumbawe na chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Ukija na saruji kwa kuwa ni ngumu na ya kisasa, unaziba ukuta usipumue. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya muda jiwe la zamani linaanza kumumunyuka huku saruji ikiwa imesimama pale pale kwa majivuno. Saruji si mbaya. Imewekwa mahali si pake. Vivyo hivyo sisemi kwamba draivu ya megabaiti 1.2 ni mbaya. Nasema tu kwamba ubora wa kitu hupimwa kwa kazi kilichokabidhiwa, na kazi ya draivu katika nyumba yenye disketi za zamani ni kuzisoma hizo.

Watu wataniambia dunia nzima imekwisha achana na mambo haya. Imeachana nayo, lakini tazama ilivyoachana. Sony, iliyouza disketi nyingi kuliko wengi, iliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011. Serikali ya Japani yenyewe ilimaliza kuziondoa katika kanuni zake, kanuni zaidi ya 1,000, mwaka 2024 tu. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia disketi za inchi nane katika mawasiliano ya silaha zake za nyuklia mpaka mwaka 2019. Sisemi tuwaige kwa kuchelewa. Nasema wenye fedha na wataalamu kuliko sisi hawakung'oa kwanza na kufikiri baadaye. Sisi tunaojiita maskini ndio tumekuwa wepesi wa kutupa, labda kwa sababu tunaogopa sana kuonekana na kitu cha zamani mkononi.

Basi nini kifanyike? Mpangilio wake ni mfupi. Kabla ya jambo lolote, ziba kwa kipande cha karatasi ya gundi ile pengo ndogo iliyo ubavuni mwa disketi ya inchi tano na robo, ili draivu isiweze kuandika juu yake; kwa zile ndogo, sogeza kile kidude mpaka tundu libaki wazi. Ikague disketi kwa mwanga: ikiwa na madoadoa ya koga, usiitie katika draivu, maana itachafua kichwa, na kichwa kitakwangua disketi zinazofuata. Iliyo safi inakiliwe mara moja, bila kuipitisha pitisha kwa kujifurahisha. Nakala ziwe mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Maandishi yaliyoandikwa kwa WordStar au WordPerfect yageuzwe kuwa maandishi ya kawaida yanayosomeka popote, na faili la asili libaki kama lilivyo. Baada ya hapo, ukitaka, badilisha draivu, weka Gotek, weka upendavyo. Lakini ile ya zamani ifunge katika kitambaa kikavu, uiandike jina, uiweke juu kabatini. Huenda jirani anayo disketi moja inayoisubiri.

Najua yuko atakayesema kwamba yote haya ni shughuli kubwa kwa ajili ya ngano na majina ya mitego. Huyo nitamjibu kwa ukali kidogo. Taifa lililopata kompyuta kwa kuchelewa liliandika kidogo katika kompyuta hizo za mwanzo, na waliokuwa wakiandika hawakuwa mawaziri. Walikuwa walimu, makarani wa vyama, makatibu wa misikiti na parokia, wanafunzi wa Mlimani waliokuwa wakipanga zamu ya kutumia mashine moja. Wakubwa wana maktaba na nyaraka za kuwatunza. Hawa wana disketi. Ukizifanya bubu, umewanyamazisha mara ya pili, na safari hii hawana wa kuwasemea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako au ofisini kwako iko mashine ya namna hiyo, na fundi akaja na bisibisi yake mkononi, mwulize swali moja tu: disketi umekwisha zinakili? Akisema bado, mpe chai. Kompyuta usimpe.